Kijani cha Maganda ya Vitunguu

Dilolo, 3 Februari 1974

Asia,

Nakuandikia kwa sababu sina njia nyingine. Tafadhali usiisome barua hii karibu na vyungu vyako. Majibu yako yakija na harufu yao, mume wangu atadhani nimeandikiwa na jaa.

Sisi wazima. Mtoto naye mzima. Yuko darasa la tatu kwa Masista, anakula mezani, na zile nyimbo zako za kupikia amezisahau.

Neno lililonifanya nishike kalamu ni hili. Nimechaguliwa mkuu wa akina mama arobaini watakaocheza mbele ya commissaire, mkuu wa serikali wa hapa, siku ya sherehe ya Chama, tarehe 20 Mei. Amri imetoka juu: tusivae kitu cha kizungu, sketi ziwe za rafia, rangi ziwe za bendera. Njano tunajua kuitengeneza, manjano ya jikoni yanatosha. Kijani ndicho kinatushinda. Majani tumeyachemsha ya kila aina, yanatoa rangi ya matope. Zamani ningekwenda kwa Mgiriki nikanunua kopo la rangi, mambo yakaisha. Lakini tangu Serikali imnyang'anye Mgiriki duka lile na kumpa raia mwenzetu, citoyen Badibanga, ndani kumebaki viberiti, sumu ya panya na citoyen Badibanga mwenyewe.

Juma lililopita Mama Fidélie alishuka kwenye treni ya Kolwezi na mfuko wa rafia wa kijani, kijani kabisa, nikausugua kwa mate na haukuchuja. Nikamuuliza umetoka wapi. Akasema: "Kwa ule mama mwenye kuokotaka maganda mu soko. Bantu banapanga mulongo kwake, mama, we acha!" Sikuhitaji kuuliza jina. Kolwezi ina wanawake wengi waliosoma, waliobatizwa, wenye kuoga kwa sabuni. Kaka yangu marehemu Kyungu aliwapita wote akaenda kumwangukia muokota maganda.

Niandikie unavyofanya, hatua kwa hatua, kwa maneno yanayosomeka. Uchukulie kuwa ni shukrani yako kwetu kwa kukulelea mtoto.

Citoyenne Ngoie wa Mbuyu
(zamani Henriette), Mkuu wa Kundi


Kolwezi, 14 Februari 1974

Kwa wifi yangu Mama Henriette,

Salamu nyingi. Nasikia Serikali imekukataza jina la Henriette, nawe unalivaa chini ya jina jipya kama shimizi inayochungulia. Mimi karani wa zone, wilaya yetu, aliniacha na Asia yangu. Alikuna kichwa, akasema hajui kama hilo jina ni la Mzungu au la Mwarabu, na saa ya kula ilikuwa imefika.

Barua yako nimeisoma palepale kwenye vyungu, kwa kuwa ndiko ninakoketi. Ulitaka hatua. Basi haya, na sikufichi hata moja.

Chukua maganda ya vitunguu vyekundu, yale makavu ya juu ambayo wauzaji hupeperusha chini. Yajaze gunia zima. Yachemshe mpaka maji yawe kama chai nzito. Tia rafia, iache humo hadi kesho yake. Itatoka ya njano iliyoiva. Wengi hufika hapo wakashangilia. Usishangilie.

Kabla ya hayo, wiki mbili nyuma, uwe umeshaandaa mtungi mwingine. Ndani yake mkojo wa watoto, wa asubuhi, uliochacha. Ndiyo, umesoma vizuri. Ndani ya mkojo laza kipande cha shaba, chochote ulichonacho, waya au sufuria iliyotoboka. Mimi nina changu. Funika kwa kitambaa ili upate hewa. Maji yakigeuka bluu kama anga, mtungi uko tayari. Chovya ile rafia ya njano humo, itoe, itundike kivulini. Njano itakufa mbele ya macho yako na kijani kitazaliwa. Suuza mara tatu, harufu inakwisha. Mbegu za avoka zinatoa wekundu, majani ya mpera na misumari yenye kutu yanatoa weusi. Hizo ni zawadi, hukuziomba.

Haya, nimekupa. Sasa na mimi naomba. Miaka miwili imepita tangu siku ya arobaini ya Kyungu, mlipokuja mkasema mtoto ni wa ukoo wa baba, mkampandisha Ndaya kwenye treni akiwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Sikulia mbele yenu, nililia mlipoondoka. Likizo ya Pasaka inakuja. Nirudishie mwanangu, kama si moja kwa moja basi kwa hizo wiki mbili. Nitamlipia treni, Tata Mwamba kondakta ananifahamu, atamleta mkono kwa mkono.

Nyimbo zangu hajazisahau. Anajua tu kuzinyamazia mahali pasipotakiwa.

Wifi yako,
Asia binti Amadi, Mama Ndaya


Dilolo, 10 Machi 1974

Asia,

Nilidhani wewe ni mjinga. Sasa naona ni mjinga mwenye roho mbaya, na huo ni mzigo wa watu wawili.

Kumbe ulingoja nikuombe jambo ili upate kunitukana kwa barua! Mkojo! Mimi, niliyekaa miaka sita kwa Masista, niliyefundishwa kupiga pasi mashati ya maaskofu, niwapange watoto wa majirani na vikopo? Nilimsomea mume wangu kile kipande, akaacha kula. Mkojo wako na machuma yako ni uchawi wa watu wa huko mlikotoka na malori ya baba yako, sisi si wa mambo hayo.

Nilifanya kwa akili. Maganda nilichemsha, hilo lina maana. Mtungi wa uchafu niliuacha, mahali pake nikaweka maji ya mvua yaliyochujwa na kipande kizima cha sabuni ya Marseille, ndani ya beseni la enameli, safi, jeupe. Nikachovya sketi arobaini, kazi ya wanawake arobaini kwa mwezi mzima.

Zimetoka njano. Si njano ya bendera, bali ile ambayo mtu akiiona anamtafuta daktari. Mama Fidélie aliinua moja mbele ya wote akasema: "Mama mukubwa, sasa tutachezea mbele ya commissaire na rangi ya mukojo?" Wakacheka. Walinicheka mimi, Asia, ndani ya ua wangu. Hilo sitalisahau, na nalihesabu juu yako.

Kuhusu mtoto, jibu ni hapana. Si Pasaka, si Noeli. Na acha kuandika "wifi yako" chini ya barua. Wifi ni dada wa mume, na mume ni yule aliyekuoa. Wewe nani alikuoa? Ili nisilirudie tena, naliandika vizuri, mstari wa peke yake:

Mimi, Ngoie wa Mbuyu, dada mkubwa wa marehemu Kyungu, nasema kwamba ukoo wetu haukutoa mahari yoyote kwa ajili ya Asia binti Amadi: si mbuzi, si kitambaa, si kuku, si hata sindano. Mama yangu alikataa, na neno lake lilisimama. Kaka yangu alikaa na mwanamke huyo kama vijana wakaavyo na wanawake, hakumuoa.

Nimetia sahihi, nimepiga na mhuri wa Kundi letu juu yake, uone kwamba sichezi. Uubandike ukutani, uusome kila asubuhi kabla hujaenda kuinama sokoni.

Citoyenne Ngoie wa Mbuyu


Kolwezi, 22 Machi 1974

Kwa Mama Henriette,

Barua imefika. Mhuri umetokea vizuri, hata jina la Kundi linasomeka, wino haukusambaa.

Nilikupa njia nzima, wewe ukachukua nusu iliyonukia. Nawajua watu wa namna yako, hununua samaki wakadai apunguzwe miiba na bei pia. Ajabu tu ni kwamba uliukimbia mkojo na ndio uliovaa. Mwambie Mama Fidélie namsalimu sana.

Lakini sitaki unicheke wala nikucheke tena. Tufanye hivi. Hizo sketi arobaini usizitupe. Nusu ya kazi imeshafanyika, hiyo njano ndiyo njano ninayoitaka. Zifunge kwenye magunia, mpe Tata Mwamba. Nitazichovya mimi mwenyewe, nitakuletea Dilolo kabla ya sherehe, na watu utawaambia ni wewe uliyegundua. Malipo sitaki. Zitakuwa za kijani mpaka commissaire aulize.

Ndaya sikumtaja, kama ulivyotaka. "Wifi" nimeiondoa pia.

Asia binti Amadi


Dilolo, 2 Aprili 1974

Asia,

Magunia matatu yamekwenda na Mwamba. Ukija usije mlango wa mbele. Nitasema wewe ni mtu wa mizigo. Nafurahi kuona kwamba hatimaye umepata adabu. Mtu akielezwa mahali pake kwa maandishi, anaelewa.

N. wa M.


Dilolo, 26 Mei 1974

Asia,

Nakuandikia kwa hasira, usidhani ni kwa woga.

Ulikuja tarehe 18 kwa mlango wa nyuma, kama nilivyoagiza, na magunia matatu. Nikafungua. Sikatai, zilikuwa za kijani. Wanawake walipiga vigelegele, nami nikakupa kiti, nikakupa hata chai kwenye kikombe chenye mkono. Siku ya sherehe tulicheza, commissaire akanishika mkono huu, akauliza rangi imetoka kiwanda gani cha nje. Nikasema ni ufundi wangu. Siku moja tu nilikaa na furaha yangu.

Tarehe 21 asubuhi ukarudi, safari hii mlango wa mbele, na polisi, na karatasi ya tribinali, mahakama ya mila ya Kolwezi. Na ndani ya karatasi, maneno yangu! Mbuzi, kitambaa, kuku, sindano, vyote vimepigwa mashine. "Kwa kuwa ukoo wa marehemu wenyewe umekiri kwa maandishi na mhuri kwamba mahari haikutolewa, na kwa kuwa kwa mila mtoto ambaye mama yake hakutolewa mahari ni wa upande wa mama huyo..." Nimeisoma hadi naijua kwa moyo kama Salamu Maria. Kumbe kwa zile sketi zote ulikuwa unaninyamazisha ili nisiulize unafanya nini kwa juge, hakimu wenu!

Na yule mtoto. Nilimlea miaka miwili, nikamnunulia viatu vya Pasaka, vyeupe. Nilimwambia: "Ndaya, sema we unataka kukaa kwa nani." Alikwenda kukaa kwenye gunia lako tupu, akaanza kuimba ule upuuzi wenu wa kuchemsha maganda, beti zote, hakukosea hata moja. Mama yangu aliingia chumbani akajifungia. Mpaka leo hali chakula vizuri.

Umeshinda, lakini kwa gharama gani? Umesimama barazani ukasema mbele ya wanaume kwamba ulikuwa kimada. Mwanamke mwenye heshima angekufa kwanza. Basi ishi na jina hilo, ndilo ulilolitafuta.

Ngoie wa Mbuyu


Kolwezi, 9 Juni 1974

Kwa Mama Henriette,

Ndaya mzima. Anakula popote anapokalia.

Umeniuliza gharama. Nitakwambia, kisha sitakuandikia tena jambo hili.

Sikusema barazani kwamba nilikuwa kimada. Juge aliniuliza, "Mama, mahari ilitoka ao haikutoka?" Mi nikaweka barua yako mezani. Ilisema yenyewe, ina mdomo kukuzidi. Watu waligeuka kunitazama, na wanawake ninaouza nao wakaangalia chini. Niliona haya, sikufichi. Miaka minane najulikana mke wa mtu, kwa dakika tano nikawa si mke wa yeyote. Nilikaza macho nisilie kwa sababu mhuri wako ulikuwa unanitazama.

Sasa sikiliza siri ya kijani, ile hatua pekee niliyokuandikia kwa maneno matatu tu. Nilisema chukua kipande chochote cha shaba, mimi nina changu. Hukuuliza nilicho nacho. Hujawahi kuniuliza kitu katika maisha yako.

Mwaka sitini na sita mama yenu alipokataa, Kyungu alifungua sanduku lake akatoa ule msalaba wa shaba wa babu yenu Mbuyu, wa zamani zile wakubwa walipooa kwa shaba, wenye mikono minne na alama tatu za patasi. Najua mlimtafuta mwizi. Nasikia mlimfukuza mtumishi. Kyungu alimletea baba yangu, akapiga magoti na ile suti yake ya mkopo, akasema: "Tata, bantu ya kwetu banakatala. Lakini hiki ni kitu ya ukoo, na mi ni mutu ya ukoo. Pokea." Baba akaupokea kwa mikono miwili. Kwetu Waislamu mahari ni ya bibi arusi mwenyewe, si ya baba yake. Akanigeukia siku ileile akaniwekea mkononi. "Ni yako, mwanangu."

Kwa hiyo mahari ilitoka, wifi. Niliolewa nayo mimi, na Ndaya alizaliwa juu yake. Baba amekufa, Kyungu amekufa, na wewe uliandika kwamba haikuwepo. Nilikuwa na chaguo moja mbele ya juge: kumpelekea ule msalaba umefungwa kwenye kanga, niwe mke wa halali na mtoto awe wenu, au kuuacha kwenye mtungi. Niliuacha kwenye mtungi.

Ndiyo, kwenye mtungi. Kyungu alipokufa nilikuwa na njaa na sikuwa na shaba nyingine. Shaba mbaya ina bati ndani, inatoa rangi chafu. Ile ya babu yenu ni safi, iliyeyushwa na watu waliojua kazi. Miaka miwili imelala kwenye mkojo wa watoto wa mtaa, kila rafia ya kijani mliyoiona imekula kidogo chake. Sketi zako arobaini ndizo zilizokula zaidi. Ulicheza mbele ya commissaire, ukapeana naye mkono, kiunoni umevaa mahari yangu.

Kwa mkono wa Tata Mwamba nakutumia msalaba wenyewe, umefungwa kwenye gazeti. Sihitaji tena, juzi nimepata waya mzuri. Ukitaka Ndaya, njia iko wazi: upande treni uje kwa juge huyohuyo, uweke msalaba mezani, useme kwa sauti, "Huyu muokota maganda alikuwa mke wa kaka yangu, alitolewa mahari ya ukoo, na mimi niliandika uongo nikaupigia mhuri." Maneno hayo tu. Mtoto watakurudishia siku hiyohiyo, nami sitabisha.

Umeniogopesha sana kwa miaka yote hii, lakini safari hii nakupa njia na bado nalala usingizi. Nakujua. Maneno hayo hayatatoka kinywani mwako hata ukiwa kitandani unakufa.

Asia binti Amadi


Dilolo, 1 Julai 1974

Kwa Mama Ndaya,

Mwamba hakuniletea kifurushi chochote. Treni za siku hizi zimejaa wezi. Kwa hiyo sijui unazungumza juu ya msalaba gani, na sitakwenda kwa juge yeyote kwa ajili ya kitu ambacho hakikufika.

Tena hadithi yako haina akili. Msalaba wa babu ulikuwa mnene kama kidole gumba. Hauwezi kukonda kwa maji ya mtungi mpaka ukapinda mkononi mwa mama yangu kama biskuti iliyolowa.

Sketi hazijachuja. Mvua iliwanyeshea wanawake watatu, nikazikagua mwenyewe.

Natuma viatu vyeupe vya mtoto, alivisahau chini ya kitanda, na hapa hakuna wa kuvivaa. Ndani ya kile cha kushoto kuna picha ya Kyungu amevaa ile suti. Mama ndiye aliyeiweka, mimi sikuhusika. Anauliza kama Ndaya anaweza kuja likizo kubwa, wiki mbili tu, na kurudi. Mimi nimemwambia usingekubali, watu kama wewe hamna shukrani.

Uosheni uso wake asubuhi na jioni. Ngozi yake inakauka upesi, kama ya baba yake.

Wifi yako,
Henriette